MGENI WETU WA KIANGAZI



Mwezi wa Juni ukifika, mvua za masika zimekwisha. Maharage yamevunwa. Kahawa inaiva. Shule zimefungwa. Huu ndio wakati ambao mabasi huteremsha wageni wengi pale Omurushaka na Kayanga. Wengine ni watoto wetu wanaosoma mbali. Wengine ni ndugu zetu wanaofanya kazi Mwanza, Arusha au Dar es Salaam.

Mwaka jana nyumba yangu nayo ilipata mgeni. Alikuwa kijana wa miaka 17, mtoto wa dada yangu. Amezaliwa Dar es Salaam na kukulia huko. Alikuwa hajafika Karagwe hata siku moja. Alikuja kukaa nasi kwa wiki tatu.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kuwashauri wakulima. Lakini leo nataka kukueleza habari za nyumbani kwangu. Nitakueleza jinsi tulivyokaa na mgeni wetu, mahali tulipotembea naye, na michezo tuliyocheza jioni. Nitakueleza pia kosa moja nililofanya. Kosa hilo lilimpotezea mama yangu mashina 9 ya migomba. Soma mpaka mwisho, ili lisikupate na wewe.

TULIPANGA KABLA MGENI HAJAFIKA

Wiki mbili kabla ya mgeni kufika tulikaa baada ya chakula cha jioni. Tulikuwa mimi, mke wangu, watoto wetu watatu, na mama yangu ambaye nyumba yake iko jirani na yetu. Watoto humwita Bibi.

Mke wangu aliuliza maswali matatu. Mgeni atalala wapi? Atakula nini? Fedha za kutembea naye zitatoka wapi?

Tuliyajibu moja moja. Atalala chumba cha wavulana, na atapata chandarua chake. Atakula tunachokula sisi, yaani ndizi kwa maharage, dagaa, mboga na maziwa. Nyama tutanunua mara moja kwa wiki. Kuhusu fedha, tulikubaliana kuuza mbuzi mmoja. Fedha za mbuzi tulizigawa mafungu matatu: nauli, chakula cha njiani, na dharura. Binti yetu aliandika hesabu yote katika daftari.

Ndugu msomaji, usidharau daftari hilo. Wako watu ambao mgeni akifika hushikwa na aibu ya kuonekana maskini. Hukopa ili mgeni ale nyama kila siku. Wengine huuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ndogo sana. Biashara hiyo tunaijua kwa jina la butura. Mgeni anaondoka baada ya wiki tatu, lakini hasara ya butura inabaki nyumbani mpaka msimu mwingine. Mgeni mwema hataki kula kahawa yako mbichi. Mpe ulicho nacho kwa moyo mkunjufu.

SIKU MBILI ZA KWANZA

Mgeni alifika jioni. Alikuwa amechoka, na vumbi limemjaa. Njiani alikuwa amepita Kyaka, karibu na daraja la Mto Kagera. Nilimweleza kwamba daraja la zamani mahali pale lilibomolewa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, katika vita vya Kagera. Alishangaa. Alisema alivisoma vita hivyo shuleni, lakini hakujua kwamba alikuwa amepita karibu na historia huku amesinzia.

Alipomwamkia Bibi, "Shikamoo Bibi," Bibi hakumjibu upesi. Alimshika mikono, akamtazama uso kwa muda. Kisha akasema, "Marahaba. Una macho ya babu yako." Halafu akamletea kibakuli kidogo cha kahawa ya kutafuna.

Wewe msomaji wa huku unaijua. Ni kahawa iliyochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha ikakaushwa. Mgeni wetu alidhani ni karanga. Alitia mkono, akachota nyingi na kuzijaza mdomoni. Uso wake ulikunjamana, watoto wakaangua kicheko. Bibi alimfundisha kuchukua chache na kutafuna polepole. Alimweleza kwamba kahawa hiyo ni alama ya heshima kwa mgeni. Zamani watu wawili waliotaka kufanya undugu wa damu walitafuna kahawa pamoja, na tangu siku hiyo wakawa ndugu.

Siku ya pili alipumzika. Jioni nilimpeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji ili afahamike. Jambo hili wengi hulisahau. Mgeni anayefahamika yu salama. Akipotea njia, watu watajua wamrudishe kwa nani.

KAZI NAYO NI MATEMBEZI

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa kikapu. Tulikwenda naye kuchuma kahawa.

Mwanzoni alichuma kila tunda aliloliona, jekundu na la kijani. Mwanangu mdogo, mwenye miaka 9, alimsimamisha. Alimwambia, "Kaka, chuma nyekundu tu. Za kijani bado." Kijana wa mjini alifundishwa na mtoto mdogo, wala hakuona haya. Tulimwonyesha jinsi ya kuanika kahawa juu ya jamvi, si juu ya udongo mtupu. Kahawa ikianikwa chini hunyonya harufu ya udongo na kuota ukungu, na bei yake hushuka.

Jioni ile mgeni alinambia, "Mjomba, sikujua kwamba kikombe kimoja cha kahawa kina kazi yote hii." Nilifurahi kuliko kama angeisifu nyama.

Kwa hiyo, msomaji, usifikiri kwamba mgeni anafurahi akikaa kitini tu. Mgeni anayekaa kitini siku zote huchoka, na wenyeji nao huchoka. Mpe kazi ndogo, na umweleze sababu yake. Kwake hayo ni matembezi na ni elimu.

MGENI WA RUMANYIKA

Mwisho wa wiki ya kwanza tulikwenda Bweranyange. Wengi wetu tunalisikia jina hilo, lakini tumewaeleza watoto wetu habari zake mara ngapi?

Bweranyange palikuwa makao ya watawala wa Karagwe. Katika karne ya 19 alitawala Rumanyika Orugundu. Mwezi wa Novemba mwaka 1861 alifikiwa na wageni wawili Waingereza, John Hanning Speke na James Grant. Walikuwa wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Rumanyika aliwapokea vizuri. Aliwapa chakula. Alizungumza nao sana na kuwauliza habari za nchi nyingine. Wanawe walikwenda pamoja na Speke kuwinda faru. Siku hizi hutaona faru katika vilima vile.

Kisha Grant akapatwa na kidonda kibaya cha mguu. Hakuweza kutembea. Mwezi wa Januari mwaka 1862 Speke aliendelea na safari kwenda Buganda, akamwacha mwenzake Karagwe. Grant alikaa chini ya ulinzi wa Rumanyika mpaka mwezi wa Aprili, ndipo akachukuliwa na watu kwa machela kumfuata Speke. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Speke alifika mahali ambapo Nile inatoka katika Ziwa Viktoria, karibu na mji wa Jinja wa leo.

Watoto waliketi kwenye majani wakasikiliza. Mgeni wetu aliuliza, "Kwa hiyo mgeni mgonjwa alikaa kwa Rumanyika karibu miezi mitano?" Nikamjibu, "Ndiyo. Na hakufukuzwa."

Katika habari hii tunapata fundisho. Kumtunza mgeni si kumlisha tu. Akiugua, ni mgonjwa wako. Sisi katika mafungu yetu matatu ya fedha tuliweka fungu la dharura kwa ajili hiyo. Mgeni anayetoka mbali akipata homa, usimpe vidonge vya kubahatisha. Mpeleke zahanati akapimwe damu siku hiyo hiyo.

SAFARI YA KYERWA

Wiki ya pili tulikwenda Kyerwa. Zamani Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja. Zilitenganishwa mwaka 2012. Lakini udugu haujatenganishwa. Baba yangu mdogo anaishi huko, tukalala kwake siku mbili. Tulipanda basi dogo. Kijana mmoja wa pikipiki alitaka kutubeba watu wanne kwa mara moja kwa bei nafuu. Tulikataa. Bei nafuu ya namna hiyo humalizikia hospitali.

Siku ya kwanza tulikwenda kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata. Maji haya hutoka ardhini yakiwa na moto, bila kuni wala jiko. Chini kabisa ya ardhi miamba ina joto. Maji yanayoteremka huko hupata joto, kisha hupanda tena juu kupitia nyufa za miamba. Sifa za Mtagata ni za siku nyingi. Mwaka 1876 msafiri Henry Morton Stanley alifika hapo, akaandika kwamba aliwakuta watu waliokuja kuoga ili wapone maradhi.

Hata leo watu huenda kuoga. Si vibaya. Maji ya moto hupunguza uchovu wa viungo. Lakini nakuomba, ndugu msomaji, ukumbuke mambo mawili. Kwanza, gusa maji kwa mkono kabla ya kumtia mtoto ndani. Pili, kama unatumia dawa za hospitali, usiziache kwa sababu umeoga Mtagata. Oga, kisha meza dawa zako kama ulivyoagizwa.

Siku ya pili tulifika Murongo, mpakani. Hapo Mto Kagera ndio mpaka. Upande huu ni Tanzania, upande wa pili ni Kikagati, nchini Uganda. Mto huu unakusanya maji ya Burundi na Rwanda. Unapita mpakani mwa nchi yetu, kisha unamwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Hakuna mto mwingine unaoleta maji mengi katika ziwa hilo kuupita Kagera. Hapo Murongo na Kikagati nguvu ya maji hugeuzwa kuwa umeme, na umeme huo hugawanywa kati ya nchi mbili.

Mgeni wetu alikuwa fundi wa kuogelea baharini. Alipoona maji alianza kuvua shati. Baba mdogo alimshika mkono, akamwambia, "Mjukuu wangu, bahari yenu ina mawimbi. Mto wetu una mamba na viboko. Mamba hapigi hodi." Kijana alivaa shati lake. Nilimshukuru baba mdogo, maana mimi nilikuwa nikinunua mahindi ya kuchoma na sikuona. Ukitembea na mgeni mahali penye maji, mtu mzima mmoja asiwe na kazi nyingine ila kuangalia.

Tulitamani pia kuingia katika hifadhi za taifa. Tangu mwaka 2019 tuna hifadhi mbili katika wilaya zetu, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Lakini tulifungua daftari, tukaona fedha hazitoshi kwa usafiri na ada ya familia nzima. Tulisimama mlimani tukatazama pori kwa mbali. Watoto walinuna kidogo, kisha wakasahau. Mgeni akitaka kuingia hifadhini, ulizia ada mapema na pitia lango la hifadhi. Usimpitishe kwa njia za panya. Ni kosa kisheria, na wanyama hawajui kwamba huyu ni mgeni.

JIONI NYUMBANI

Watu wengi hulalamika kwamba kijijini hakuna burudani. Sisi tulikuwa na burudani kila jioni, na hatukulipa hata senti.

Jioni moja tulicheza bao. Mgeni alishindwa na Bibi mara nne mfululizo. Jioni nyingine jirani yetu mzee alileta nanga, chombo chetu cha nyuzi kilichochongwa kwa mti kama chano kirefu. Alipiga na kuimba habari za ng'ombe na mashujaa wa zamani. Mgeni hakuelewa maneno ya Kinyambo, lakini binti yetu alimfasiria pembeni kwa sauti ndogo.

Jioni nyingi zilikuwa za vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." "Yai!" Mgeni naye alitega vya mjini. Kimoja kilitushinda wote. Alisema, "Namlisha kila siku, lakini asiponisikia moto namfunga." Tulihangaika. Bibi akatoa mji, akajibiwa kwamba ni simu. Bibi akasema hicho si kitendawili, hiyo ni shida. Tulicheka mpaka machozi.

Mgeni naye alitusaidia. Bibi alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, lakini herufi ndogo humtesa macho. Kila jioni kijana alikaa naye karibu na taa na kusoma naye ukurasa mmoja. Bibi akasoma kwa kidole, kijana akangoja. Hapo ndipo nilipoelewa vizuri ule usemi wa mgeni njoo, mwenyeji apone.

KOSA LANGU

Sasa nifikie jambo lenyewe.

Tulipokwenda Kyerwa nilibeba panga letu. Baba mdogo alikuwa ameomba tumsaidie kupunguza majani makavu ya migomba. Asubuhi moja mimi na mgeni tulifanya kazi hiyo. Kijana alifurahi sana kujifunza kutumia panga. Katika shamba lile niliona mgomba mmoja wenye jani la njano lililolegea. Nilisema moyoni, "Ni jua la kiangazi." Sikuukata mgomba kuutazama ndani. Nina cheti cha kilimo. Nimefundisha jambo hili katika vijiji vingi. Lakini siku hiyo nilikuwa katika matembezi, na akili yangu ilikuwa matembezini.

Tulirudi nyumbani. Kesho yake kijana alitaka kumfurahisha Bibi. Alichukua panga lile lile, akaingia shambani kwa Bibi, akapunguza majani ya mashina yote yaliyo mbele ya nyumba. Nilimwona, nikamsifu kwa bidii yake. Sikumwuliza kama panga limesafishwa.

Siku ya kuondoka Bibi alitaka kumpa chipukizi la mgomba akalipande Dar es Salaam. Nilikataa. Nilieleza kwamba machipukizi hubeba magonjwa kutoka mahali hadi mahali. Badala yake tulimpa mkeka na mfuko wa kahawa ya kutafuna. Nilijiona mtaalamu kweli. Nilikumbuka chipukizi, nikasahau panga.

Mwezi wa Agosti Bibi aliniita. Majani ya migomba mbele ya nyumba yalikuwa yakigeuka njano na kunyauka. Mkungu mmoja ulikuwa umeanza kuiva kabla ya wakati, ndizi moja huku na moja kule. Nilikata ndizi moja. Ndani ilikuwa na rangi ya kahawia. Nilikata shina. Baada ya muda mfupi ulitoka utomvu mzito wa njano. Sikuhitaji kuuliza mtu. Ulikuwa mnyauko wa migomba, ambao wengi wetu huuita unyanjano.

Wiki hiyo hiyo baba mdogo alipiga simu kutoka Kyerwa. Shamba lake nalo limeshikwa. Nilikwenda kwa Bibi nikahesabu. Mashina yaliyougua yalikuwa yale yale ambayo kijana aliyapunguza majani asubuhi ile. Yale ya nyuma ya nyumba, ambayo hakuyagusa, yalikuwa mazima.

Tuling'oa mashina 9. Mengine yalipandwa na marehemu baba. Bibi alisimama mlangoni akitazama. Nilimwambia, "Mama, mgeni hakujua." Alijibu kwa ukali kidogo, "Mgeni hakuja na panga. Panga ni la mwenyeji."

Maneno hayo yalinichoma, na yalikuwa kweli.

UFAHAMU UGONJWA HUU

Ugonjwa huu si wa uchawi, wala si wa jua. Huletwa na vijidudu vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona. Ulielezwa na wataalamu nchini Ethiopia mwaka 1968. Uligunduliwa Uganda mwaka 2001. Mwaka 2006 uligunduliwa hapa Tanzania, katika mkoa wetu wa Kagera.

Huenea kwa njia hizi:

Kwanza, panga, kisu au jembe lililogusa mgomba mgonjwa, kisha likagusa mgomba mzima.

Pili, wadudu. Nyuki na wadudu wengine hutua kwenye ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu. Hutoka kwenye ua lenye ugonjwa na kwenda kwenye ua zima.

Tatu, machipukizi yanayotoka kwenye shamba lenye ugonjwa.

Dawa ya kuponya mgomba ulioshikwa haipo. Lakini kuuzuia ugonjwa kunawezekana, tena bila fedha nyingi. Fanya hivi:

Panga likitoka shamba moja, usilipeleke shamba jingine kabla ya kulisafisha. Lipitishe kwenye moto mpaka lipate joto kali, au lioshe kwa dawa ya kuulia vijidudu kama jik. Ukiwa na mgomba unaoutilia shaka, safisha panga kila baada ya shina moja.

Ua jekundu liondoe mara tu kichane cha mwisho kinapotokea. Usilikate kwa panga. Tumia kijiti chenye panda. Lishike kwa panda, lizungushe, litavunjika lenyewe.

Ukiona mgomba mgonjwa, uondoe mapema. Ukate vipande, virundike mahali pamoja mbali na migomba mizima, wala mifugo isivile. Mahali ulipong'oa shina lote usipande migomba tena kabla ya miezi 6. Panda maharage, mahindi au viazi. Na mwambie jirani. Kuficha ugonjwa hakuponyi shamba lako, kunaua la mwenzako.

TULIMWAMBIA UKWELI

Mwezi wa Septemba kijana alipiga simu kumsalimu Bibi. Aliuliza, "Bibi, ile migomba niliyoisafisha imestawi?"

Bibi alinitazama, akanipa simu. Ingekuwa rahisi kusema imestawi. Lakini nilimweleza yote. Nilimwambia wazi kwamba kosa ni langu, kwa sababu mimi ndiye niliyejua na sikusema. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Mjomba, Bibi atakula nini?" Nilimjibu kwamba migomba ya nyuma ya nyumba ipo, na mbele tumepanda maharage. Nasi tupo.

Sikumwambia ili kumhuzunisha. Nilimwambia kwa sababu kijana huyo ana ndugu katika vijiji vingi, na atashika mapanga mengi. Asiyeambiwa ukweli huenda kurudia kosa kwa mwingine.

Mwaka huu anakuja tena. Bibi hakubadilisha mapokezi. Kibakuli cha kahawa kipo tayari. Kitu kimoja tu ameongeza. Kando ya mlango amesimamisha kijiti chenye panda, na chini yake ameandika kwa mkaa ukutani, kwa mkono wake mwenyewe: PANGA LIANZE MOTONI.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Familia iligawa fedha za matembezi katika mafungu gani? Ninyi mngegawaje?

2. Butura ina hasara gani kwa familia inayopokea mgeni?

3. Bibi alisema, "Panga ni la mwenyeji." Alikuwa na maana gani?

4. Taja dalili tatu za mnyauko wa migomba. Je, katika kijiji chenu mmeziona?

5. Kijijini kwenu kuna mahali gani pa kumpeleka mgeni bila gharama kubwa? Nani anajua historia yake? Mwombeni awasimulie.